Mifereji Midogo na Wanafunzi Wake

Mtu akichukua gilasi mbili, moja ya maji mekundu na nyingine ya maji ya buluu, akazimimina pamoja katika bakuli, rangi hizo huchanganyika mara moja zikawa rangi ya tatu, wala hapana awezaye kuzitenga tena. Lakini maji hayo hayo yakipitishwa bega kwa bega katika mfereji wenye upana wa unywele, mambo huwa mengine. Wekundu hushika upande wake na ubuluu upande wake, na mpaka baina yao huonekana umenyooka kama uzi uliovutwa. Mwanafunzi alitazamapo jambo hilo kwa hadubini mara ya kwanza, hudhani kuwa chombo chake kimeharibika. Hakikuharibika. Hiyo ndiyo tabia ya maji yakiwa katika nafasi ndogo, na elimu ya kuitumia tabia hiyo ndiyo wataalamu waiitayo maikrofluidiki: elimu ya kubuni na kutengeneza vyombo vyenye mifereji ambayo upana wake hupimwa kwa maikromita, yaani kwa sehemu ya elfu moja ya milimita. Unywele wa mtu una upana wa maikromita 100 hivi, au pungufu yake.

Historia ya elimu hii husimuliwa mara nyingi kama habari za mabingwa na uvumbuzi wao. Iko historia nyingine isiyosimuliwa sana, nayo ni ya namna ufundi huu ulivyofundishika. Kwa muda mrefu ulijulikana na matunda yake yalionekana, lakini waliouweza walikuwa wachache, kwa sababu mlango wake ulikuwa mwembamba kuliko mifereji yenyewe. Kisha mlango ulipanuliwa, wengi wakaingia. Na katika kupanuliwa huko ilipatikana faida kubwa, ikapatikana na hasara ambayo haikutambulikana mapema.

Msingi wa elimu hii uliwekwa na tabibu. Jean Poiseuille alikuwa daktari Mfaransa aliyetaka kujua jinsi damu ipitavyo katika mishipa midogo ya mwili, ile isiyoonekana kwa macho matupu. Kwa kuwa mishipa ya kiumbe aliye hai haipimiki kwa urahisi, alitafuta vijibomba vya kioo vyembamba mno, ambavyo vingine havikufika sehemu ya kumi ya milimita kwa upana wa ndani, akapitisha maji kwa shinikizo lililopimwa, akahesabu wakati. Katika miaka ya 1840 na 1841 aliieleza Akademia ya Sayansi ya Paris kanuni aliyoipata. Mjerumani mmoja, Gotthilf Hagen, alikuwa amefika mahali pale pale mwaka 1839 kwa njia yake mwenyewe.

Kanuni yenyewe ni kali. Upana wa kijibomba ukipunguzwa kwa nusu, maji yapitayo kwa shinikizo lile lile hayabaki nusu wala robo, bali hubaki sehemu moja ya 16. Ukipunguzwa nusu tena, hubaki sehemu moja ya 256. Kila mwanafunzi wa mifereji midogo hukutana na kanuni hii kabla ya kukutana na jina la mwenyewe, siku achorapo mfereji mwembamba wa kupendeza, akausukumia maji, maji yakakataa kwenda na bomba likachomoka kwa nguvu za shinikizo.

Wa pili ni Osborne Reynolds, aliyekuwa profesa wa uhandisi mjini Manchester, Uingereza. Mwaka 1883 alitangaza majaribio aliyoyafanya kwa bomba la kioo lililolazwa ndani ya tangi la maji. Katika kinywa cha bomba aliingiza uzi wa rangi. Maji yalipokwenda polepole, uzi ule ulinyooka tangu mwanzo hata mwisho. Alipoyazidisha mwendo, ghafula ulitetemeka, ukakatika, rangi ikaenea bomba zima. Reynolds alionyesha kuwa jambo hilo hutegemea hesabu moja, ambayo sasa huitwa kwa jina lake. Kwa upande mmoja hesabu hiyo hutia mwendo wa maji, upana wa bomba na uzito wa maji kwa ujazo; kwa upande wa pili hutia mnato wake. Katika bomba la kawaida, msukosuko huanza hesabu hiyo ipitapo 2,000 hivi. Katika mfereji wa maikromita 100, maji yakienda milimita moja kwa sekunde, hesabu hiyo haifiki hata moja: ni sehemu moja ya kumi. Hapo maji hayana nguvu ya kujipindua, na mnato ndio ulioshika hatamu.

Basi vitu viwili vilivyo katika mfereji kama huo vitachanganyikaje? Kwa kusambaa tu, kila chembe ikitangatanga yenyewe mpaka ikafika upande wa pili. Rangi ya kawaida huvuka maikromita 100 kwa muda wa sekunde 10 hivi, lakini kuvuka sentimita moja kwa njia hiyo hiyo hutaka zaidi ya siku nzima, maana umbali ukizidi mara mia, wakati huzidi mara elfu kumi. Ndiyo sababu ya haraka ya vyombo hivi. Kipimo cha damu kinachongoja kwa saa katika kisahani cha maabara huweza kumalizika kwa dakika katika mfereji, kwa kuwa chembe hazina safari ndefu.

Hayo yote yalikuwa yameanza kujulikana kabla ya karne ya 20. Lililokosekana ni jembe la kuchimbia. Nalo lilitoka katika kazi isiyohusiana na maji hata kidogo. Katika miaka ya 1957 na 1958, Jay Lathrop na James Nall, waliokuwa katika maabara ya jeshi la Marekani iliyoshughulika na fyuzi za silaha, walitaka kutengeneza transista ndogo kuliko zile za siku zao. Walitumia dawa ibadilikayo ipigwapo na nuru. Uso wa kitu hupakwa dawa hiyo, mchoro ukawekwa juu, nuru ikapita palipo wazi; kisha mahali pasipokingwa huliwa na asidi, na palipokingwa husalia. Viwanda vya transista viliishika njia hiyo ya kuchapa kwa nuru na kuiendeleza mpaka ikawa msingi wa kompyuta zote.

Kwa kuwa njia hiyo huchimba, na kila kilichochimbwa chaweza kuwa mfereji, haukupita muda mrefu mtu akalifikiri jambo hilo. Mwaka 1979 Stephen Terry, John Jerman na James Angell wa Chuo Kikuu cha Stanford walieleza chombo cha kutenganisha gesi kilichochongwa katika kisahani cha silikoni chenye upana wa sentimita 5. Ndani yake ulikuwamo mfereji wa mita 1.5, uliozungushwa kama gamba la konokono. Mashine za kawaida za kazi hiyo zilijaza meza. Ajabu ni kwamba chombo hicho kilizaliwa kikawa yatima. Kwa muda wa miaka 10 hivi ni wachache mno waliokifuata. Wanakemia waliokuwa na haja nacho hawakujua kuchonga silikoni, na waliojua kuchonga silikoni hawakuwa na haja ya kutenganisha gesi. Baina ya makundi hayo mawili hapakuwa na shule.

Aliyeufufua mwendo alikuwa Andreas Manz, mwanakemia aliyekuwa katika kampuni ya Ciba-Geigy mjini Basel, Uswisi. Mwaka 1990 yeye na wenziwe walitoa makala yenye wazo kubwa: kwamba kazi zote za maabara ya kemia, kupokea kitu, kukichanganya, kukitenganisha na kukipima, zaweza kuwekwa katika chombo kimoja kidogo. Miaka miwili baadaye, akishirikiana na Jed Harrison wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, alionyesha jinsi umeme uwezavyo kusafirisha na kutenganisha vitu katika mifereji iliyochongwa katika kioo. Tangu hapo wanakemia walianza kusikiliza.

Lakini kusikiliza si kutenda. Aliyetaka kukifuata chombo cha Basel alihitaji chumba kisichoingia vumbi, chenye hewa iliyochujwa na taa za manjano, kwa sababu taa nyeupe zingeiharibu dawa ya kuchapia. Alihitaji kuvaa vazi la kumfunika kichwa hata miguu. Alihitaji bamba la kioo lenye mchoro wa kromu, ambalo huagizwa, hulipiwa sana, na hungojwa. Kioo chenyewe huliwa kwa asidi ya hidrofloriki, asidi ambayo hupenya ngozi na kuushambulia mfupa, na ambayo hakuna mwalimu mwenye akili atakayemwachia mgeni aichezee. Kisha vipande viwili vya kioo vilishikamanishwa katika joto kali kwa saa nyingi, na punje moja ya vumbi iliyosahauliwa baina yao iliharibu kazi yote. Mwanafunzi aliyekosea mchoro alijua kosa lake baada ya majuma. Ufundi ambao kosa moja hugharimu mwezi haufundishiki vizuri, maana fundi hujifunza kwa kukosea, na huyu hakuwa na nafasi ya kukosea mara nyingi.

Mabadiliko yalikuja mwaka 1998 kutoka maabara ya mwanakemia George Whitesides katika Chuo Kikuu cha Harvard. David Duffy, Cooper McDonald, Olivier Schueller na Whitesides mwenyewe walitoa makala ambayo kwa mtazamo wa kwanza haina uvumbuzi mkubwa, kwani karibu kila kitu kilichomo kilikuwako. Mpira ulikuwako: mpira mwangavu kama kioo, ambao jina lake la kikemia limefupishwa kuwa PDMS, na ambao uliuzwa viwandani kwa kazi ya kufunika na kulinda vipande vya umeme. Mashine za kupigia chapa zilikuwako, na kalibu zimejulikana kwa kila mhunzi na kila sonara tangu kale. Waliloongeza ni mpango. Mchoro wa mifereji hufanywa kwa kompyuta, ukapigwa chapa juu ya karatasi angavu katika duka la chapa, na karatasi hiyo ikashika mahali pa bamba la kromu. Kwa nuru na utomvu ugandao hufanywa kalibu moja yenye vinundu mahali pa mifereji. Mpira humiminwa juu yake ukiwa mzito kama asali, ukapashwa moto, ukaganda, ukabanduliwa. Uso wa mpira huo na uso wa kipande kingine huchomwa kidogo kwa plazma ya oksijeni, yaani hewa ya oksijeni iliyotiwa umeme mpaka ikang'aa, kisha hugusanishwa. Hapo hushikamana, wala haviachani tena. Tangu mchoro hata chombo haupiti muda wa saa 24.

Huo muda wa saa 24 ndio uliogeuza mambo. Mwanafunzi aliyekosea Jumatatu aliweza kukosea tena Jumatano na kupatia Ijumaa. Tena kalibu moja, ambayo ni ya pekee kuhitaji chumba cha taa za manjano, iliweza kutoa nakala makumi nje ya chumba hicho, juu ya meza ya kawaida. Watu wa biolojia, ambao hawakuwahi kuvaa vazi la kuchongea silikoni, waliomba kalibu kwa rafiki mwenye chumba, wakarudi kwao wakaanza kumimina. Mwaka 2001 ilianzishwa nchini Uingereza jarida la pekee kwa elimu hii, nalo liliitwa Lab on a Chip.

Mtu asidhani kwamba kazi yenyewe ni nyepesi. Mwanafunzi hupima sehemu 10 za mpira na sehemu moja ya dawa ya kugandisha, akakoroga mpaka mchanganyiko ukajaa viputo vya hewa na kuwa mweupe kama povu la sabuni. Huuweka katika chombo cha kuvuta hewa, akatazama viputo vikipanda na kupasuka kwa nusu saa au zaidi; akifanya pupa, kiputo kimoja kitabaki hasa pale penye mfereji. Huumimina juu ya kalibu, akauoka kwa saa chache katika joto la nyuzi 65 hivi. Hukata kwa wembe, akatoboa matundu ya mabomba, na kila tundu likiacha vumbi la mpira lazima vumbi hilo liondolewe, au litaziba njia. Akiichoma nyuso kupita kiasi hazishiki. Akichelewa kuzigusanisha, hurudia hali yao ya kwanza na kazi imepotea. Akichora mfereji mpana usio na kina, paa lake la mpira hulegea likalala sakafuni, kama hema lililokosa nguzo. Na baada ya yote hayo, siku ya kutia maji, hewa huingia pamoja na maji.

Kiputo ndicho adui mkubwa wa mwanafunzi. Katika bomba la nyumbani hewa hupita na maji bila kujulikana, lakini katika mfereji wa maikromita 50 kiputo huziba kama kizibo katika chupa, na kukisukuma hutaka shinikizo kubwa kuliko lile la kusukuma maji. Walioandika makala hawakulieleza sana jambo hili, kwa desturi ya makala kueleza siku iliyofanikiwa. Habari zake zilipitishwa kwa mdomo, kutoka kwa mwanafunzi mkongwe hadi mgeni: jaza mfereji polepole, chemsha maji kwanza kuyatoa hewa, anza na pombe kisha fuata na maji. Ufundi huu, ijapokuwa mpya, una miiko yake kama ufundi wa waashi na wajenzi wa majahazi.

Mpira ulikuwa na fadhila ambayo kioo hakikuwa nayo, nayo ni kubonyea. Mwaka 2000 Stephen Quake na wenziwe wa Taasisi ya Teknolojia ya California walionyesha kwamba mfereji mmoja ukipita juu ya mwingine, baina yao pakiwa na utando mwembamba wa mpira, hewa ikitiwa katika ule wa juu utando hushuka ukaufunga ule wa chini. Hiyo ni vali. Tatu zikiwekwa mfululizo na kufungwa kwa zamu, hiyo ni pampu. Tabaka mbili za mpira zilishikamanishwa kwa hila ya kupendeza: moja ilizidishiwa sehemu ya kwanza ya mchanganyiko, nyingine ikazidishiwa sehemu ya pili, na zilipookwa pamoja kila moja ilitafuta kwa mwenzake kilichoipungukia. Lakini vali haikufunga vizuri mpaka mfereji wa chini ulipofanywa mviringo kama nusu ya bomba, kwani katika mfereji wenye pembe maji hupenya pembeni.

Mwaka 2002 Todd Thorsen, Sebastian Maerkl na Quake walieleza chombo chenye vyumba 1,000 na vali 3,574. Kama kila chumba kingehitaji bomba lake, chombo hicho kingefunikwa na mabomba. Wao walizipanga vali kwa mawili mawili, kila jozi ikigawa mifereji nusu kwa nusu, hata mabomba 20 yakatosha kuchagua mmoja katika mifereji 1,024. Kadhalika ilipatikana njia mpya ya kujifunza. Katika California, na baadaye Stanford alikohamia Quake, viliwekwa vituo vya kutengeneza kalibu na vyombo kwa ajili ya watafiti wengine, ambao walileta michoro iliyofuata kanuni zilizoandikwa: upana usipungue kadha, nafasi isipungue kadha. Mwanafunzi aliweza kuwa mbunifu bila kuwa fundi. Wako wanaosema kwamba hilo ni pungufu la elimu, na hawakukosea kabisa, maana asiyewahi kuona paa la mfereji likilala huchora mifereji ambayo haisimami.

Hata hivyo kalibu ya kwanza bado ilidai chumba safi, na vyuo vingi havikuwa nacho. Mmoja wao ulikuwa katika Marekani yenyewe. Chuo Kikuu cha California huko Merced kilifunguliwa mwaka 2005, na mhandisi Michelle Khine, aliyekuwa mwalimu huko, hakuwa na vyombo vya kuchongea. Akakumbuka mchezo wa utotoni: karatasi za plastiki ziitwazo Shrinky Dinks, ambazo watoto huzichora, wakazitia katika tanuri, zikanywea na kuwa ndogo na nene. Khine alichapa mifereji juu ya karatasi hizo kwa printa ya kawaida ya leza, akazitia katika tanuri dogo la kuokea mkate. Plastiki iliponywea, mistari ya wino ilisongamana ikainuka juu, na kile kilichokuwa mchoro kikawa kalibu. Makala yao ilitoka mwaka 2008. Mifereji hiyo haikuwa na usahihi wa ile ya Harvard, na haitoshi kwa vali elfu tatu. Lakini mwalimu mwenye printa, tanuri na shilingi chache aliweza kuwafundisha wanafunzi wake ufundi huu kwa mikono yao wenyewe, wala si kwa picha za kitabuni.

Whitesides naye alikuwa amekwenda mbali zaidi, akauacha hata mpira. Mwaka 2007 Andres Martinez na wenziwe katika maabara yake walichora njia juu ya karatasi kwa utomvu usiopitisha maji, na mkojo ukapanda wenyewe katika njia hizo kama mafuta yapandavyo katika utambi wa kandili, bila pampu wala umeme. Mwisho wa njia palikuwa na dawa za kupima sukari na protini, ambazo hugeuka rangi. Mwaka 2009 utomvu ulibadilishwa kwa nta iliyochapwa kwa printa na kuyeyushwa juu ya bamba la moto. Katika hatua hiyo ufundi ulikuwa umefika mahali ambapo mtoto wa shule huweza kuufanya kwa saa moja.

Ikiwa hivyo ndivyo, kwa nini hospitali hazikujaa vyombo vya mpira mwangavu? Swali hili liliwasumbua watu wa elimu hii kwa miaka mingi, na jibu lake ni chungu kwa waliojifunza kwa mpira huo. PDMS ni mwalimu mwema na mtumishi mbaya. Hupitisha mvuke, hata matone madogo yakakauka ndani yake. Huvimba kwa vimiminika vingi vya kemia. Tena hunyonya: mwaka 2006 Michael Toepke na David Beebe wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walionyesha kwamba chembe ndogo zisizopenda maji, nazo dawa nyingi za hospitali ni za namna hiyo, huingia katika mpira zikapotea. Anayepima dawa katika mfereji huo huenda akapima kilichobaki tu, asijue. Na zaidi ya hayo, mpira humiminwa, huokwa na hutobolewa kimoja kimoja. Mwanafunzi afanyaye vyombo 10 kwa siku ni hodari, lakini zahanati za nchi moja huhitaji mamilioni. Kiwanda hakimimini mpira kwa mkono; hushindilia plastiki ya moto katika kalibu ya chuma kwa sekunde chache, na kalibu hiyo hukataa maumbo mengi ambayo mpira huyakubali kwa upole. Hivyo kizazi kizima kilijifunza kubuni vyombo ambavyo kiwanda hakiwezi kuvitengeneza. Wepesi wa shule uliwazoeza wanafunzi mambo ambayo iliwalazimu kuyasahau walipotoka nje.

Mmoja aliyelitambua hilo alikuwa Samuel Sia, aliyejifunza katika maabara ya Whitesides kabla ya kuwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Yeye na wenziwe hawakuanza na mfereji wawezao kuuchora, bali walianza na zahanati isiyo na umeme wa kutegemewa, na kalibu ya kiwandani. Vali hawakuweka, na pampu yao ilikuwa bomba la sindano livutalo hewa. Chombo kilikuwa cha plastiki, kama kadi ndogo, na matokeo yalitaka dhahabu na fedha: chembe ndogo mno za dhahabu hushika pale penye alama za ugonjwa, kisha fedha hujikusanya juu ya dhahabu mpaka doa jeusi likatokea, ambalo kifaa rahisi huweza kulisoma kwa nuru.

Lakini dawa za kupimia ni nyingi, na lazima zifuatane kwa taratibu bila kuchanganyika. Bila vali, zitapangwaje? Walizipanga katika kijibomba kimoja, dawa baada ya dawa, na baina ya kila moja na mwenzake wakaacha kiputo cha hewa. Kile kizibo ambacho kila mwanafunzi alifundishwa kukiogopa kikawa ukuta wa kutenganisha. Hewa ikivutwa, dawa huja kwa zamu kama watu waliopanga foleni.

Chombo hicho kilijaribiwa Rwanda, na matokeo yakatangazwa mwaka 2011. Kwa maikrolita moja tu ya damu, ambayo ni sehemu ndogo ya tone, kiliweza kutambua virusi vya UKIMWI, na kwa pamoja virusi hivyo na kaswende, karibu sawa na mashine kubwa za maabara. Kwa mama mja mzito magonjwa hayo mawili hayangoji: yote huweza kupita kwa mtoto, na yote yana dawa za kuzuia ikiwa yamejulikana mapema. Mama atembeaye saa nyingi kufika zahanati, akaambiwa damu yake itapelekwa mjini na arudi baada ya wiki mbili, huenda asirudi.

Mwaka 2015 Sia na wenziwe walitangaza chombo cha pili, kilichochomekwa katika simu ya mkononi mahali pa kuchomekea spika za masikioni na kupata humo umeme wake wote. Kilijaribiwa kwa wagonjwa 96 nchini Rwanda, katika vituo vya kuzuia maambukizi ya mama kwa mtoto na vituo vya ushauri na upimaji. Waliokiendesha walikuwa wahudumu wa afya wa huko, nao walifundishwa kwa nusu saa. Mhudumu hutia damu iliyotoka katika ncha ya kidole, akabonyeza kitufe, na kwa kubonyeza huko utupu uliojengwa ndani ya chombo huanza kuvuta. Damu hupita katika mfereji wake bila msukosuko wowote, dawa zikafuata kwa zamu yao, na baada ya dakika 15 majibu huonekana katika kioo cha simu, mama akiwa bado yuko kitini.